Tumbo Nalo Husafiri



Shule zikifungwa kuna wanaokwenda kijijini kwa bibi, kuna wanaobaki mjini kulinda nyumba, na kuna wale wenye bahati ambao wameitwa na shangazi: "Likizo hii njoo Unguja, ndugu zako wanakuulizia." Somo la leo ni la hao wenye bahati. Wengine msiondoke, kwani mengi tutakayosema yatakufaa hata ukishuka Korogwe kula chakula cha dakika 15 huku dereva anapiga honi.

Tuanze na ukweli. Ukifika mahali pageni, walimu wanataka uone majumba ya kale. Wewe moyoni unawaza kingine: hapa wanakula nini? Kitamu kinapatikana wapi? Usione haya. Ni swali zuri, tena ukirudi nyumbani ndilo la kwanza utakaloulizwa. Mji wa Zanzibar una jibu refu. Asubuhi kuna vitumbua na mkate wa kumimina, mchana kuna urojo, usiku mishkaki, na katikati yake halua, kashata, visheti, kaimati na ubuyu mwekundu unaopaka ulimi rangi mpaka kwenye picha zote unaonekana umekunywa wino.

Lakini likizo nyingi zimeishia chooni. Mtu kaenda kwa siku 5, siku 3 kazimaliza kitandani, anaharisha na kutapika, shangazi kachanganyikiwa, na nauli aliyohangaika nayo baba imekwenda bure. Kwa kuogopa hilo, wapo wanaofundishwa wasiguse chochote kinachouzwa nje: wale biskuti za pakiti, wanywe soda, basi. Sisi hatukubaliani na somo hilo. Anayelifuata kavuka bahari kwenda kula vitu vya dukani kwao. Tena halina ukweli. Hoteli yenye vitambaa mezani inaweza kukupa wali wa jana uliopashwa moto, na mama aliyekaa kwenye kigoda na jiko lake la mkaa akakupa chakula safi kuliko chote ulichokula wiki nzima. La kujifunza ni kutazama. Na hapa kuna habari njema: anayejua kutafuta chakula kitamu na anayejua kutafuta chakula salama hutazama karibu vitu vilevile.

VIDUDU VINATAKA NINI?

Kabla hatujafika bandarini, turudi darasani dakika 5 tu.

Chakula hutuletea maradhi ya tumbo kwa sababu ya vidudu visivyoonekana kwa macho, hasa bakteria. Nao, kama sisi, wanataka chakula, maji na joto la kuwafaa. Wakiyapata hayo, bakteria mmoja anaweza kugawanyika kuwa 2 kila baada ya dakika 20 hivi. Chukua kalamu upige hesabu: 1, 2, 4, 8. Hiyo ni saa moja tu. Endelea mwenyewe, utaona kuwa mmoja aliyeingia kwenye sufuria saa 6 mchana anaweza kuwa na wenzake zaidi ya milioni 2 ifikapo saa 1 usiku.

Joto wanalolipenda ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya 5, kama ndani ya friji, wengi wanapooza. Juu ya 60 wanazidiwa, na chakula kinachochemka huua walio wengi. Sasa joto la mchana Unguja ni nyuzi 30 hivi. Kwa bakteria hiyo ndiyo likizo yenyewe. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichokwisha kupikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

Mtu atasema, "Aa, si nitapasha moto?" Hapana, bwana. Wapo bakteria ambao wakishaongezeka huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Wali na pilau vina jamaa mmoja wa namna hiyo. Mbegu zake huvumilia kule kuchemka kwa kwanza. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, jamaa anazaana, anaacha sumu. Wewe unapasha kiporo, kinatoa mvuke safi kabisa, unakula, na baada ya saa chache unatapika. Samaki naye ana lake. Jodari akikaa juani baada ya kuvuliwa hujenga kemikali iitwayo histamini, na hata ukimchoma mpaka akauke haitoki. Aliyemla uso unamwaka moto, mwili unamwasha, kichwa kinagonga, na yote hayo yanaweza kuja kabla hata hajainuka mezani. Wengine hudhani wamerogwa.

Kwa hiyo lipo swali moja kwa muuzaji linalozidi mengine yote: hiki kimepikwa saa ngapi? Lishike hilo, sasa tupande boti.

BAHARINI

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa 2. Usipande na tumbo tupu, wala usipande umeshindilia chipsi. Mkate mkavu au ndizi inatosha. Bahari ikichafuka, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, usiinamie simu wala kitabu. Kichefuchefu kinakuja pale masikio yanapouambia ubongo "tunayumba" huku macho yaliyo kwenye kitabu yanauambia "tumetulia". Ubongo ukipata taarifa 2 zinazogombana, tumbo ndilo linaloadhibiwa.

Na jirani yako kwenye kiti akikupa juisi iliyokwisha funguliwa au pipi, mshukuru, useme umeshiba. Iwe botini, iwe kwenye basi, wizi wa kumlewesha abiria kwa kitu cha kula upo. Mtu mwema hataudhika ukikataa.

SHIKAMOO, MAMA

Shangazi keshakulaza, keshakuamsha. Asubuhi ya kwanza mwombe binamu yako akuonyeshe mahali wanaponunua vitumbua vya nyumbani. Usiende peke yako na usiende penye bango kubwa. Wenyeji wana sehemu zao, na sehemu hizo hazihitaji bango.

Utamkuta mama na kikaango chake chenye vishimo. Anamimina uji mzito wa unga wa mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Anaugeuza kwa kijiti, unavimba, unakuwa kahawia pembeni. Hapa mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vingapi?"

"Vinne. Lakini nitasubiri hivyo vilivyo motoni."

"Basi kaa hapo. Vile vya kwenye beseni vya alfajiri, vinachukuliwa na watu wa mbali."

Umeona? Hukumtukana mtu, hukuuliza habari za vidudu, umeomba kitamu tu. Kitumbua kinachotoka motoni kina ukingo unaovunjika na katikati laini yenye mvuke. Kikikaa saa 4 kinakuwa kama sponji. Ulimi wako umekuongoza kwenye kile ambacho moto umekitakasa sasa hivi. Ndiyo maana tumesema utamu na usalama hukaa nyumba moja, ingawa si kila siku, na baadaye tutaona siku ambazo utamu unakwenda zake peke yake.

Foleni nayo ni mwalimu. Mahali penye watu wengi chakula hakipati nafasi ya kulala. Kinapikwa, kinaliwa, kinapikwa kingine. Tena wenyeji hawapangi foleni mara ya pili kwa mtu aliyewaumiza tumbo. Hoteli nzuri isiyo na mteja hata mmoja saa 7 mchana, yenye sufuria 6 zilizojaa, iache.

Hebu tufanye zoezi. Ni mchana, umesimama karibu na soko la Darajani, lile lililojengwa mwaka 1904, na una njaa na kiu. Mbele yako wapo watu wanne. Wa kwanza ana madafu na panga. Wa pili anakamua miwa kwa mashine, anatia ndimu na tangawizi, na pembeni ana ndoo ya maji ya kusuuzia glasi na bonge la barafu limefunikwa gunia. Wa tatu ana matikiti na mapapai yaliyokatwa, yamepangwa vizuri kwenye sinia. Wa nne anauza shokishoki na ndizi. Utanunua kwa nani?

Dafu ni jibu la kwanza. Maji yake yamekaa ndani ya kifuu bila kuguswa na mkono wa mtu tangu nazi ilipoota. Likatwe mbele yako, unywe humohumo. Shokishoki na ndizi nazo ni salama kwa sababu unazimenya mwenyewe, mradi mikono umenawa. Matunda ya kwenye sinia yamekatwa na kisu usichokijua, yakaoshwa kwa maji usiyoyajua, na nzi ameshayakagua. Na miwa? Hapa inauma, kwa sababu juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni bomba kweli. Tatizo si muwa. Tatizo ni ile ndoo, ambayo glasi 50 zimepita, na lile bonge la barafu. Barafu haiui vidudu, huvituliza tu. Ikiyeyuka kwenye glasi yako vinaamka. Kama una chupa yako safi, mwombe akukamulie ndani ya chupa bila barafu, na utazame kama miwa imeoshwa na mashine ni safi. Kama huna, mpite.

HALUA HAIOZI, KWA NINI?

Sasa tufike kwenye vitamu hasa, maana hapa mababu zetu wa pwani walikuwa wanasayansi bila maabara.

Halua ya Zanzibar inapikwa kwa wanga, sukari nyingi na samli, na manukato ya iliki na kungumanga, wakati mwingine zafarani na lozi. Inakorogwa kwenye sufuria kubwa kwa saa nyingi, na anayekoroga hapumziki, maana akiacha inashika chini. Ni kazi ya misuli. Ikiiva inang'aa, inavutika, na ukiikata inatetemeka kidogo. Asili yake ni kwa Waarabu, na Waomani, ambao walitawala hapa na kuhamishia makao ya sultani wao Unguja katika karne ya 19, mpaka leo humpokea mgeni kwa halua na kahawa chungu. Wapemba watakuambia halua yao ndiyo yenyewe. Ubishi huo usiuingilie, wewe kula ya kila upande.

Jiulize: kitu hiki kinakaa dukani bila friji, katika joto lile la nyuzi 30, na hakiozi. Wali ungekuwa umekwisha zamani. Siri ni nini?

Unakumbuka osmosisi kwenye somo la Biolojia? Ulitia kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, kikanywea, kwa sababu maji yalitoka ndani ya kiazi kuelekea kwenye chumvi. Bakteria akitua juu ya halua anakuwa kile kipande cha kiazi. Sukari ni nyingi mno na imeyashika maji yote. Hakuna ya ziada kwa mgeni. Badala ya yeye kunywa, ananyonywa. Hafi papo hapo kila mara, lakini kuzaana hawezi. Asali hukaa kwa sababu hiyo, tende vilevile, na ng'onda wale wa kukaushwa kwa chumvi ni hesabu hiyohiyo, ila chumvi imeshika nafasi ya sukari.

Kashata za nazi au njugu, visheti vilivyokaangwa na kugandishwa sukari, ubuyu: vyote viko kundi hilo la vikavu au vyenye sukari iliyokolea. Ni vitamu vya msafiri. Watu waliokwenda kwa jahazi wiki nzima hawakuwa na friji, na vitu vya namna hii vilivumilia. Kitamu ambacho ni kilaini, kina maziwa au yai, na kiko vuguvugu, kama kastadi, faluda au keki ya krimu, hakina ulinzi huo. Hicho lazima kitoke kwenye friji inayofanya kazi, la sivyo uache. Umeme ulikatika jana usiku? Uliza.

Pahali pazuri pa kuonja kashata ni barazani kwa wauza kahawa. Ipo sehemu ndani ya Mji Mkongwe iitwayo Jaws Corner, jina limetokana na ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Wazee na vijana hukaa hapo, kahawa chungu ya moto kwenye vikombe vidogo, kashata mkononi, siasa na mpira mdomoni. Kahawa inamiminwa ikiwa inachemka, kwa hiyo kwa tumbo haina shida, ila kikombe nacho utazame kinaoshwaje. Salimia kwanza kabla ya kukaa. Unaweza kujifunza Kiswahili pale kuliko muhula mzima wa darasani.

Ukienda mwezi wa Ramadhani mambo yanageuka. Mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa, na hata kama wewe si Mwislamu, kula au kunywa barabarani ni utovu wa adabu. Kula ndani. Lakini jioni! Futari ndiyo maonyesho makubwa ya vitamu vya pwani: kaimati zilizochovywa kwenye shira, tambi za sukari, mkate wa kumimina. Ukialikwa nenda, nawa, kula kwa mkono wa kulia, na usikatae kabla hujaonja.

FORODHANI USIKU

Jua likizama, watu wote wanateremkia Forodhani, bustani iliyo ufukweni mbele ya Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Bustani yenyewe ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2009. Majiko yanawashwa, taa zinawaka, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani huku watu wanawapigia makofi.

Kwa macho na pua, ni pazuri sana. Kwa tumbo, chagua. Hapa ndipo utamu na usalama wanapoweza kuachana mkono, kwa sababu meza inapendeza mno: pweza, kamba, samaki kwenye vijiti, vimepangwa kama nyota. Lakini kijiti kilichopikwa jioni, kikakaa mezani saa 3, kisha kikapitishwa motoni dakika 1 kwa ajili yako, ni kiporo chenye nguo za sherehe. Kumbuka jodari na histamini yake. Ukitaka mishkaki, chagua nyama mbichi iwekwe jikoni ukiona, usubiri iive mpaka ndani, na umuulize, "Kaka, bei gani?" kabla haijagusa moto. Baada ya hapo bei hupanda na moshi.

Chaguo letu sisi ni ile wanayoiita pizza ya Zanzibar. Haifanani na ya Italia hata kidogo. Kijana anatandaza donge la unga mpaka linakuwa jembamba kama karatasi, anatia nyama ya kusaga, kitunguu, anavunja yai juu, anakunja, anakaanga kwenye chuma cha moto. Yote mbele yako. Kuna na ya ndizi na chokoleti kwa wapenda sukari. Tazama tu kama nyama ilikuwa imeiva na yai limeshika.

Urojo ni habari nyingine, na tunasema wazi kwamba Forodhani si mahali pake. Urojo mtamu uko mitaani, upande wa Ng'ambo, alasiri, kwenye nyumba ambayo watoto wa shule wamejaa mlangoni na bakuli zao. Ni supu nyepesi ya njano, chachu kwa embe au ukwaju, ndani yake mna bhajia, viazi, kachori, mishkaki, chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili ya kukutoa machozi. Ile supu ikiwa juu ya moto inatokota, safi. Wasiwasi ni ile chatini ya nazi mbichi kama imekaa tangu asubuhi, na bakuli zinazosuuzwa kwenye ndoo moja. Binamu yako akienda na bakuli la nyumbani, mfuate.

SUKARI YAKO YA SIKU

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 1 ya 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, yaani vijiko vidogo 12 hivi, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Soda nyingi zina gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 imekwisha kula vijiko 9. Unaona hesabu? Sukari yako ya siku ni kama pesa ya mfukoni. Kuimaliza kwenye soda, ambayo hata kwenu kibandani ipo, halafu kuiacha halua, huo ni usafiri mbaya.

Meno yana hesabu tofauti kidogo. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari hutengeneza asidi, na kila unapoonja asidi hiyo hukaa kwa dakika kama 20 au 30 ikila jino. Kwa hiyo kashata 2 ukila mara moja na kusukutua maji, jino limeshambuliwa mara moja. Pakiti ya ubuyu ukimung'unya kuanzia asubuhi hadi jioni, limeshambuliwa siku nzima.

Na wewe mwenye kisukari unayejidunga insulini, hatujakusahau. Wengi huwaambia ninyi msisafiri, au mkae pembeni mkitazama wenzenu wanakula. Zungumza na daktari wako kabla ya safari. Kipande kidogo cha halua kinaweza kuingia kwenye mpango wa mlo wako, ukipima na ukijua kipimo cha dawa. Insulini ibebe mkononi, isikae juani. Waambie shangazi na binamu hali yako, kwani ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa kwa sukari kushuka, wao ndio watakaokukimbizia kitu kitamu. Saa hiyo ile soda tuliyoisema vibaya inakuwa dawa.

ANAYEKUNUNULIA

Hili linawahusu zaidi wasichana, na wavulana nao wasikilize. Ugenini hujitokeza mtu mwenye pesa, mcheshi, anayejua sehemu zote nzuri. Leo kakununulia mishkaki, kesho juisi, keshokutwa anasema twende mahali tulivu zaidi. Wengi hapo hujisikia wana deni. Huna deni. Chakula ulichopewa hakinunui mwili wako, hata angekulisha mwezi mzima. Kwa kuwa ni vigumu kusema hapana tumbo likiwa limeshiba vya mtu, njia rahisi ni kutembea na pesa yako kidogo na binamu yako, na kujilipia. Mtu akikulazimisha au kukutisha, mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

TUMBO LIKICHAFUKA

Inaweza kutokea hata kwa aliyefuata yote. Jambo la kwanza: usifiche. Kijana anayeona haya kumwambia shangazi kuwa anaharisha anaweza kujikuta amekauka maji kabla ya usiku. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti, kikaenea mikoani na kuvuka hadi Zanzibar. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa chache, lakini anayerudishiwa maji mapema hupona karibu kila mara.

Nunua pakiti za ORS duka la dawa kabla hujasafiri, ni bei ndogo na hazina uzito. Zikikosekana, tengeneza: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya mlima, maana chumvi ikizidi inadhuru. Kunywa kidogokidogo, na kila ukitoka chooni kunywa glasi. Ukitapika, ngoja dakika 10 uanze tena. Antibiotiki alizobakiza binamu kabatini ziache.

Ukiona choo ni maji matupu meupeupe kama maji yaliyooshea mchele, au kina damu, au una homa kali, au hukojoi na macho yameingia ndani, hiyo si ya nyumbani tena. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, huku unaendelea kunywa.

Ukiwa mzima, imebaki kazi moja: zawadi. Nunua siku ya mwisho, usibebe vya wiki. Kashata na visheti vitafika hata ukiwa unaendelea na safari hadi Mwanza. Halua chukua ile ya kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, bara tangu Juni 2019 na visiwani kabla ya hapo, na samli huvuja, kwa hiyo zungushia gazeti kwa nje kabla hujaiweka juu ya shati lako la shule. Gazeti lolote lile. Hili letu mwachie binamu.